Safari ya Kwanza Kigwena: Kuitafuta Alama ya Kutoa

"Mwalimu, wanafunzi wangu wameniuliza kama kuna kitu chenye tungamo hasi. Nimewaambia utakuja kuwajibu mwenyewe."

Ujumbe huo ulinikuta Kigoma. Aliyeutuma ni kijana niliyemfundisha hesabu na fizikia katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Kasulu, kabla kambi haijafungwa mwaka 2012. Familia yake ilirudi kwao Kigwena, kusini kidogo ya mji wa Rumonge, na yeye sasa ni mwalimu wa sekondari huko. Mimi nimekulia kandokando ya Ziwa Tanganyika na nimekula dagaa wa pande zote za ziwa, lakini mpaka wa Burundi nilikuwa sijawahi kuuvuka. Kwa kuwa alikwisha kuniahidi bila kuniuliza, nilitia kwenye begi gololi ya chuma, uzi mrefu na daftari, nikapanda gari la Manyovu alfajiri.

Barabara ya Manyovu inapanda vilima vya migomba na kahawa hadi unaanza kutafuta sweta. Mpakani Mugina, afisa alipekua begi langu akakutana na gololi.

"Hii ya kazi gani, mzee?"

"Ya kupimia mvutano wa Dunia."

Aliipima kiganjani. "Na bado inavuta?"

"Bado."

Akacheka, akagonga muhuri. Nilibadilisha shilingi kwa faranga, nikaingia Burundi.

Kutoka Mabanda barabara inashuka kuelekea Nyanza-Lac, na katika kona mojawapo ziwa likajitokeza lote kwa mpigo, nalo liko chini sana kuliko nilivyotarajia. Kigoma nimezoea kuliona ziwa kutoka ufukweni. Hapa nililiona kutoka juu, kama linavyostahili kuonekana: maji yaliyojaa ndani ya ufa. Ng'ambo, milima ya Kongo inasimama ukuta mwingine. Katikati ya kuta hizo mbili ndiko kulikokuwa na jibu la nusu ya swali la wanafunzi wa Kigwena, na ndiyo maana nilikubali safari bila kubishana.

Kati ya 1899 na 1900, Mjerumani Ernst Kohlschütter, akiwa na Hans Glauning, alizunguka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani akibeba pendulamu. Safari yao iliandaliwa na jumuiya ya sayansi ya Göttingen. Kazi yenyewe inaelezeka kwa sentensi moja ingawa ilichosha: simamisha pendulamu, pima kwa uangalifu mkubwa inachukua muda gani kubembea, kisha hamia kituo kingine. Mahali ambapo ardhi inavuta kwa nguvu kidogo, pendulamu hubembea polepole zaidi. Vipimo vilionyesha kuwa chini ya mabonde ya ufa kuna upungufu wa tungamo. Penye matarajio ya mwamba, pana kitu chepesi zaidi.

Kwa ziwa letu hesabu haimshindi mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mita moja ya ujazo ya mwamba wa kawaida ina kilo 2,670 hivi. Ya maji ina kilo 1,000. Kwa hiyo kila mita ya ujazo ya ziwa imepungukiwa kilo 1,670 ukilinganisha na bonde ambalo lingejaa mwamba. Tanganyika lina maji ya takriban kilomita za ujazo 18,900. Zidisha, unapata upungufu wa tani zaidi ya trilioni 31. Chini ya maji kuna matope na mchanga wa mamilioni ya miaka, unene wa kilomita kadhaa, nao ni mwepesi kuliko mwamba wa kale, kwa hiyo upungufu unazidi. Kwenye ramani za mvutano, ziwa huandikwa kwa namba zenye alama ya kutoa.

Athari yake ni ndogo lakini si ya kubuni. Saa ya pendulamu iliyowekwa juu ya kilomita moja ya maji, badala ya kilomita moja ya mwamba, ingechelewa kama sekunde tatu kwa siku. Mtu wa kilo 70 angepungukiwa uzito wa gramu tano. Nilipomweleza hayo abiria mwenzangu kwenye Probox iliyotutoa Nyanza-Lac, akatazama jinsi tulivyobanana, watu saba na kuku wawili, akasema gramu tano zikitoka kwa kila mtu huenda spring za gari zikapona.

Njiani michikichi ilitusindikiza kushoto na kulia. Penye kinu cha mawese harufu iliingia madirishani, nzito na tamu, na akina mama walikuwa wamepanga madumu ya njano kando ya lami. Kwenye kituo cha mafuta cha pale Nyanza-Lac tulipita foleni ya magari ambayo madereva wake walikuwa wametandika mikeka chini ya miti. Dereva wetu alikuwa na petroli yake kwenye chupa, na hakutaka kuulizwa imetoka wapi.

Mwenyeji wangu alinisubiri barabarani, amenenepa kidogo, amevaa shati la kazi. Mama yake alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mwalimu wa mwanangu. Kambini hukutuacha."

Chakula kilikuwa ugali wa muhogo, lengalenga za mawese na mukeke, samaki ambaye sisi Kigoma tunamwita mgebuka. Nilishiba nikaogopa kusimama. Jioni tukashuka ufukweni kuwaona wavuvi wakijiandaa. Kulikuwa na giza la mwezi mwandamo, wakati mzuri wa ndagala, yaani dagaa, maana taa hushindwa kuwavuta samaki mbalamwezi inapong'aa. Zamani zilikuwa karabai; siku hizi taa nyingi ni za betri na sola. Mitego mikubwa ya kuinua, inayobebwa na mitumbwi iliyofungwa pamoja, inaitwa Apollo.

"Mnajua Apollo ilifika mwezini?" nikamtania mvuvi mmoja mtu mzima.

"Hii yetu inafika Kongo," akajibu, "na inarudi na samaki."

Nilimwambia kwamba mwaka 1971, katika safari ya Apollo 15, David Scott aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja juu ya mwezi, na vyote vikagusa ardhi pamoja kwa kuwa hakuna hewa ya kuuzuia unyoya. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo uzito si kitu?" Nikasema uzito ni kitu, ila kinachovutwa zaidi ndicho kigumu zaidi kusukumwa, na mambo hayo mawili hufutana. Sikujua kwamba maneno hayo ndiyo yatakayonirudia kesho yake mbele ya wanafunzi.

Asubuhi tulipita kwenye msitu wa Kigwena. Ni msitu mdogo wa tambarare, masalia ya msitu uliokuwa mkubwa kabla ya mashamba, na lami inapita jirani kabisa. Tumbili walitukagua kutoka juu. Ukisimama ndani yake ukatazama mashariki, kati ya miti unaona ukingo wa bonde ukipanda. Ukigeuka magharibi, maji. Umesimama kwenye sakafu ya ufa, mahali pembamba palipobaki pakavu kati ya ukuta na ziwa.

Hapo nikamsimulia mwenyeji wangu habari za Edward Bullard. Mwaka 1933 na 1934 Bullard, mwanafizikia kijana wa Cambridge, alipima mvutano Afrika Mashariki kwa pendulamu bora zaidi, akaunganisha vipimo vyake na vya Kohlschütter, akachapisha kazi mwaka 1936. Alama ya kutoa ilikuwa palepale. Bullard akauliza swali zuri: kitu chepesi kinapaswa kuelea, sasa sakafu ya bonde inashikiliwa chini na nini? Akahitimisha kwamba pande mbili za bonde zinabanwa na kuilalia sakafu isiinuke. Leo tunajua ni kinyume: ardhi inavutwa ikitanuka, milimita chache kwa mwaka, na sakafu imezama katikati.

"Kwa hiyo namba ilikuwa sahihi na maelezo hayakuwa sahihi," akasema.

"Namba yenye alama ya kutoa inakwambia kuna pengo. Haikwambii pengo limetokea vipi."

Mchana tulikwenda Rumonge, kilomita kama kumi. Ni mji wa bandari na soko, Kiswahili kimejaa mitaani, na mtu anaweza kununua mukeke, kitenge na kadi ya simu bila kubadilisha lugha. Lakini karibu na maji kuna mambo mengine. Ziwa limepanda sana tangu mwaka 2020, na kufikia 2024 lilikuwa limefunika nyumba, mashamba na vipande vya barabara kwenye ufuo wa Burundi. Nilitembea mpaka mahali ambapo mtaa unaishia ndani ya maji. Kuta zilisimama hadi madirishani, na mama mmoja alikuwa akifua kwenye ngazi ya nyumba ambamo hakuna anayeishi tena.

Ndipo nilipoona ugumu wa kulisemea ziwa hili lugha ya upungufu. Eneo la Tanganyika ni karibu kilomita za mraba 32,900. Likipanda mita moja, zimeongezeka tani bilioni 33 hivi za maji pale palipokuwa na hewa. Setilaiti za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002 na kurithiwa na nyingine mwaka 2018, hupima mabadiliko ya namna hiyo kutoka angani: zinaruka mbili zikifuatana, na umbali kati yao hubadilika kidogo sana zinapopita juu ya mahali palipoongezeka au kupungua tungamo. Kwa setilaiti hizo maziwa yetu yanapojaa yana alama ya kujumlisha. Ukililinganisha ziwa na mwamba, ni upungufu. Ukililinganisha na ziwa la miaka michache iliyopita, ni ziada, na ziada hiyo imewafukuza watu. Ni kama daftari la mwenye duka: deni halina maana mpaka useme ni la nani na limeanzia lini.

Somo lilifanyika ufukweni badala ya darasani, kwa sababu nilitaka dumu. Wanafunzi walikuja na dumu tupu la mawese la lita ishirini, kifuniko kimekazwa. Vijana wawili walilizamisha kwa kulikalia, wakaliachia, nalo likaruka juu ya maji. Kelele.

"Tungamo hasi!" mvulana mmoja akapaza sauti. "Dunia inalisukuma juu."

"Dunia inalivuta chini kama kawaida," nikasema. "Ila inayavuta zaidi maji yaliyokuwa yachukue nafasi yake. Dumu hilo lina kilo moja hivi. Maji ya nafasi yake yana kilo ishirini. Sasa lisukume pembeni, taratibu."

Akalisukuma. Likaenda mbele, mbali na mkono wake.

"Tungamo hasi ya kweli ingekuja kwako. Ukiisukuma inakufuata, ukiivuta inakukimbia."

Hapo utulivu uliingia, nami nikaingiza habari ya Hermann Bondi, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Uingereza. Mwaka 1957 Bondi aliandika makala kuhusu tungamo hasi katika nadharia ya Einstein. Alitenganisha mambo matatu ambayo darasani tunayaita jina moja: ugumu wa kitu kusogezwa, jinsi kinavyohisi mvutano wa wengine, na jinsi chenyewe kinavyowavuta wengine. Newton analazimisha viwili vya mwisho vilingane, ila anaruhusu cha kwanza kiwe na alama yake. Einstein analazimisha viwili vya kwanza vilingane. Kikiwa hasi kimoja, na cha pili ni hasi.

"Sasa nikiwa na jiwe lenye tungamo hasi hapa mkononi, nikaliachia, litaenda wapi?"

Wote wakaonyesha juu.

"Chini. Sawa na gololi hii." Nikaiachia ikazama mchangani. "Dunia ingelisukuma juu, lakini jiwe hilo hufanya kinyume cha linavyosukumwa, kwa hiyo linashuka. Hasi mara mbili. Ili kulizuia lisianguke, usingeweka kiganja chini yake. Ungelikandamiza kutoka juu."

Walijaribu kwa mikono mitupu, wakikandamiza hewa, wakicheka. Kisha nikachora mchangani duara mbili: moja ya tungamo chanya, moja hasi, zenye ukubwa sawa. Chanya huvuta kila kitu, kwa hiyo hasi inaisogelea. Hasi hufukuza kila kitu, kwa hiyo chanya inaikimbia. Moja inakimbia, nyingine inafukuza, zinaongeza kasi pamoja bila kikomo na bila mtu wa kuzisukuma. Nishati haijatoka hewani, kwa sababu nishati ya mwendo ya duara hasi nayo ni hasi. Jumla inabaki sifuri mwanzo hadi mwisho.

"Bila petroli?" sauti ikatoka nyuma.

Nilitarajia maswali mengi, si hilo la foleni ya Nyanza-Lac. Lakini lilikuwa swali la haki. Mwaka 1990 Mmarekani Robert Forward aliandika kwa makini kabisa jinsi jozi kama hiyo ingeweza kuendesha chombo cha angani. Kinachokosekana ni malighafi tu: hakuna aliyewahi kuiona hata chembe moja ya tungamo hasi.

Niliwaeleza waliojaribu kuikaribia. Mwaka 2017, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, watafiti walipoza atomi za rubidi karibu na sifuri halisi, wakazipanga kwa leza hadi wingu la atomi likawa linaongeza kasi kuelekea upande usiosukumwa. Huo ni mwenendo wa wingu ndani ya mtego wa leza. Atomi zenyewe zina tungamo la kawaida. Mwaka 2023, huko CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kikundi cha ALPHA kiliachia atomi za antihidrojeni, yaani hidrojeni iliyoundwa kwa antimata, kuona kama zinapanda au zinashuka. Zilishuka.

Msichana aliyekuwa ameketi kwenye ukingo wa mtumbwi akainua mkono. Hakuwa amesema lolote tangu mwanzo.

"Mwalimu, umesema tungamo hasi nayo inashuka. Basi kushuka kwa hiyo atomi kumeonyesha nini?"

Mwenyeji wangu alinitazama kwa fahari ambayo hakuijaribu kuificha. Hilo ndilo swali lililostahili nauli yote. Nikamjibu kwamba jaribio la kushuka halitoshi likiwa peke yake. Lakini chembe za antimata zimesukumwa na sumaku na umeme kwa miongo mingi, na kila mara zimekwenda zinakosukumwa. Ugumu wao wa kusogezwa ni chanya, hilo linajulikana. Kilichobaki kuulizwa ni mvutano: kama ungekuwa hasi, zingepanda. Hazikupanda. Majaribio mawili kwa pamoja ndiyo yanayofunga mlango, moja halifungi.

"Kwa hiyo tukitaka kuitafuta tungamo hasi, tusiangalie kinachoruka," akasema. "Tuangalie kinachorudi kwa anayekisukuma."

"Au kinachofukuza mwanga."

Nikawaeleza kwamba mwaka 1995 John Cramer na wenzake, Forward akiwa mmoja wao, walikokotoa kitakachotokea tungamo hasi ikipita kati yetu na nyota. Tungamo la kawaida hukusanya mwanga, nyota ikaonekana kung'aa kisha ikarudi ilivyokuwa. Tungamo hasi ingeutawanya: nyota ingeng'aa ghafla, ikafifia kabisa, ikang'aa tena ghafla, kisha ikatulia. Darubini zinazochunguza mamilioni ya nyota zinajua dalili ya kutafuta, na dalili hiyo haijapatikana.

Kabla ya kutawanyika, wanafunzi walichora mchangani safu mbili. Upande mmoja waliweka vyote vyenye alama ya kutoa vinavyotokana na kulinganisha: ziwa dhidi ya mwamba, dumu dhidi ya maji, wingu la atomi dhidi ya atomi moja moja. Upande wa pili waliweka kitu ambacho kingekuwa hasi chenyewe, bila kulinganishwa na chochote. Safu ya kwanza iliwashinda kuimaliza kwa jinsi walivyoendelea kubishana. Mmoja akataka kuongeza kiputo, mwingine pango. Ya pili haikupata hata jina moja. Mvulana wa petroli akapendekeza ifutwe. Msichana wa mtumbwi akakataa, na hoja yake ilikuwa nzuri kuliko yangu yote ya siku ile: Bondi hakukuta kosa katika hesabu, kwa hiyo ya kufuta ni yale yaliyopimwa yakakataliwa, si yale ambayo bado hayajaonekana. Nilimuunga mkono, na nimerudi na somo hilo Kigoma. Sasa nikifika kwenye sura ya tungamo na uzito sianzi na kanuni. Naandika ubaoni Ziwa Tanganyika, naweka alama ya kutoa mbele yake, kisha nauliza: pungufu ya nini? Darasa lisipoweza kujibu hilo, halina haja ya kuharakishwa kwenda kwa Newton.